Kaskazi, Mwezi na Mwamba

Hotuba ya mwanachama mzee, nahodha wa ngalawa, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika



Bwana Katibu aliponijia nyumbani kuniomba niseme siku ya leo, nilimjibu kwamba mimi si msomi wala si msemaji, na ya kuwa kazi yangu umri wangu wote imekuwa tanga na upondo. Akaniambia, “Basi, Mzee, tuambie hayo hayo ya tanga na upondo.” Ndiyo sababu nasimama mbele yenu.

Wenzangu walionitangulia wamewasomea hesabu za miaka 10: za mbata, za karafuu, za mwani na za duka letu. Mimi nataka kusema juu ya jambo lisiloandikwa katika daftari lo lote la chama, ijapokuwa kila mwaka hupunguza fedha zilizomo ndani ya daftari hizo, na pengine hupunguza hata majina ya watu. Jambo lenyewe ni hali ya hewa na hali ya bahari ya pwani yetu hii ya mashariki, tangu Bwejuu, Paje na Jambiani hata Makunduchi, katika majira ya joto, ndiyo majira ya kaskazi. Wapo watakaosema, “Mambo haya twayajua tangu utotoni.” Ni kweli twayajua. Walakini kujua ni jambo moja, na kulitumia tulijualo ni jambo jingine. Nitawaeleza mwishoni jinsi nilivyojifunza tofauti ya mambo hayo mawili, na ni nani aliyelipa karo ya masomo yangu.

Kila mtoto wa pwani ajua ya kuwa mwaka wetu watawaliwa na pepo mbili. Kusi hushika katika mwezi wa Aprili au Mei, huvuma kwa nguvu Juni na Julai, na hupoa kuelekea Septemba na Oktoba. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hata Machi. Katikati ya pepo hizo, mara mbili kila mwaka, huja siku ambazo upepo hautulii upande mmoja, nazo wazee waliziita tanga mbili. Kwa kaskazi ndipo majahazi yalipokuwa yakishuka kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, na kwa kusi ndipo yalipokuwa yakirudi kwao yamejaa karafuu, mbata na boriti. Hata mkulima ambaye hajapata kukanyaga chombo alikuwa akila kwa pepo hizi. Na hesabu ya siku iliyotumika ilikuwa moja kwa wote wawili: mwaka uliohesabiwa tangu siku ya Mwaka, kwa miongo, yaani makumi ya siku. Kwa miongo hiyo mkulima alijua wakati wa kupanda, na nahodha alijua wakati wa kutweka. Kwa hiyo mtu asiniulize hali ya bahari imeingiaje katika mkutano wa wakulima. Imekuwamo siku zote.

Sasa, kusi ni upepo mkali, lakini hauna hila. Mtu hutoka nje alfajiri akasikia bahari yanguruma mwambani, akaona mawingu yakikimbia, akarudi ndani. Watu huogopa kusi, na hofu yao huwalinda. Kaskazi si hivyo. Mbingu huwa nyeupe, maji ndani ya mwamba huwa ya kijani kibichi, hata mtu akaweza kuuona mchanga chini ya pima mbili. Asubuhi bahari hulala kama mkeka. Wageni hujaa ufukoni, watoto hukaa majini kutwa nzima, na kila mtu husema bahari ni shwari. Hapo ndipo penye hatari. Majira ambayo watu hawaogopi ndiyo majira ambayo watu hawaangalii.

Tuanze na upepo wenyewe. Kaskazi ni dhaifu kuliko kusi, hilo ni kweli. Lakini katika pwani yetu ya mashariki huja kutoka baharini moja kwa moja. Tena nchi kavu hupata moto upesi kuliko maji. Jua likisha kupanda, hewa iliyo juu ya ardhi hupata joto na kwenda juu, na hewa ya baridi kidogo kutoka baharini huvutwa kuja kushika mahali pake. Upepo huo wa mchana huongezeka juu ya kaskazi iliyopo. Ndiyo sababu asubuhi huwa kimya, saa sita tanga huanza kujaa, na kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri upepo huwa na nguvu kuliko wakati wote wa siku hiyo. Basi mtu anayepima upepo wa siku kwa kutazama bahari saa moja asubuhi ni kama mtu anayepima mzigo kabla haujatiwa katika mizani.

Jambo la pili ni mwezi. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila usiku na mchana, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko siku iliyotangulia. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu huwa bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kufika mita 4. Katikati, karibu ya mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, huwa maji mafu, na tofauti yaweza kuwa mita 1 tu. Wazee hawakuwa na jedwali, lakini walishika kanuni moja ambayo bado ni ya kweli katika kisiwa chetu: siku za bamvua maji hujaa yapata saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa yapata saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka, yakajaa yapata saa nne na kupwa yapata saa kumi. Mwenye kujua tarehe ya mwezi wa kiislamu anayo saa ya bahari mfukoni mwake.

Tena bamvua zote si sawa. Zile za mwezi wa Machi na Septemba, wakati mchana na usiku vinapolingana, ni kubwa kuliko nyingine. Bamvua ya Machi huangukia mwishoni mwa kaskazi. Ndiyo hiyo inayowavuta akina mama na vijana kwenda mbali hata kwenye mwamba kutafuta pweza na chaza, na ndiyo hiyo inayorudi kwa nguvu kuliko zote.

Naomba mnisikilize vizuri hapa. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Yakichukua saa 6 kujaa, gawanyeni kina chote mafungu 12. Saa ya kwanza hupanda fungu 1. Saa ya pili mafungu 2. Saa ya tatu mafungu 3, na saa ya nne mafungu 3 tena. Kisha hupungua: saa ya tano mafungu 2, na saa ya sita fungu 1. Maana yake ni nini? Katika bamvua ya mita 4, saa ya kwanza maji yatapanda kama futi moja tu, na mama aliyeinama mwambani ataona, “Bado, bado.” Lakini katika saa ya tatu peke yake yatapanda mita nzima, yaani kutoka magotini hata kifuani. Kadhalika, mchanga wa pwani yetu haushuki sawasawa kutoka ufukoni hata mwambani. Ipo mifereji katikati. Maji hutangulia kuijaza mifereji hiyo nyuma ya mtu, naye bado amesimama pakavu penye mwamba. Hugeuka akataka kurudi, akakuta amezungukwa. Huo mwendo wa kilomita moja na zaidi aliokuja nao kwa miguu hawezi kurudi nao kwa miguu.

Jambo la tatu ni mwamba. Mwamba ni ukuta wetu. Mawimbi ya bahari kuu huvunjika hapo, na kwa ajili hiyo sisi tuna mahali pa kulima mwani, pa kutega madema na pa kufundishia watoto. Lakini ukuta una milango. Maji yaliyoingia juu ya mwamba kwa upana wakati wa kujaa hupata njia nyembamba ya kutokea wakati wa kupwa, na kila penye njia nyembamba pana mkondo mkali. Siku ya bamvua, alasiri, wakati maji yanaanza kutoka na kaskazi inavuma kuingia, vitu hivyo viwili hupambana mlangoni. Mawimbi husimama mafupi, ya karibu karibu, yenye vichwa vyeupe. Kwa mtu aliye ufukoni ni mstari mdogo mweupe mbali. Kwa ngalawa iliyojaa, ni kaburi.

Mtu akichukuliwa na mkondo wa namna hiyo naye yu majini, asishindane nao. Hata mwogeleaji hodari hachukui muda ila huchoka. Na aelee, apunguze pumzi ya hofu, kisha aogelee kwa kukata upande, sambamba na ufuko, mpaka atoke katika njia ya maji. Mkondo ni mwembamba. Anayejaribu kurudi kwa njia ile ile uliyomchukulia ndiye anayekufa.

Nimesema juu ya upepo, mwezi na mwamba. Limebaki joto lenyewe, ambalo ndilo linalogusa mifuko yetu kila mwaka. Katika mwezi wa Agosti maji ya bahari yetu huwa na joto la digrii 25 au 26. Mwezi wa Machi hufika 29 au 30. Hayo ni maji ya kilindini. Sasa kumbukeni niliyosema: siku za bamvua maji hupwa yapata saa nne asubuhi. Kwa hiyo tangu saa tatu hata saa sita, jua likiwa utosini, maji machache yaliyobaki ndani ya mwamba hukaa yakipikwa, na joto lake laweza kupita digrii 33. Mwani uliofungwa humo hauna pa kukimbilia.

Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza katika vijiji vya pwani hii, Paje na Jambiani, mwaka 1989. Akina mama waliokuwapo siku hizo wakumbuka aina mbili zilizoletwa: ile nene ambayo wafanya biashara huiita kotoni, yenye bei nzuri, na ile nyembamba yenye vijiti vijiti iitwayo spinosamu, yenye bei ndogo. Miaka ya mwanzo kotoni ilistawi. Baadaye, mwaka baada ya mwaka, kaskazi ilipofika kotoni ilianza kuwa nyeupe, laini, na kukatika katika kamba, na tangu miaka ya 2000 imekuwa shida kuipata humu ndani ya mwamba. Spinosamu yavumilia zaidi, lakini nayo huugua. Wapo waliosema ni uvivu wa wakulima, na wapo waliosema ni hasadi. Si uvivu wala si hasadi. Ni maji ya moto. Bahari ya Hindi yazidi kupata joto, na matumbawe yenyewe, ambayo ni mawe yenye uhai, yaligeuka meupe na mengi yakafa katika joto kubwa la mwaka 1998, na joto likarudi tena kuyadhuru mwaka 2016. Ukuta wetu ukifa utamomonyoka, na bahari itaingia ndani.

Joto hilo hilo halimwachi mtu. Mama anayefunga mwani kwa saa tatu au nne, jua juu na mng'ao wa maji chini, hupata kizunguzungu, macho mekundu na kichwa kuuma. Yafaa achukue kofia pana ya ukili, nguo ya mikono mirefu, na maji ya kunywa. Sisi wenye minazi, nasi tuone haya kusikia kwamba mtu wetu ameanguka kwa kiu na madafu yako juu ya vichwa vyetu.

Kaskazi ina wema wake pia, nisije nikaonekana mchongezi. Mwani na mbata hukauka vizuri kwa jua lake, mradi uwe juu ya chanja na si juu ya mchanga. Lakini hata hapo pana sharti. Mwishoni mwa kaskazi, masika yanapokaribia, mvua ya ghafula yaweza kupiga alasiri moja, na mwani uliokwisha kukauka ukinyeshewa huharibika. Kila mwenye chanja na awe na turubai karibu.

Tena, kati ya kaskazi na masika bahari yenye joto ndiyo inayolisha dhoruba kubwa. Watu wengi husema visiwa vyetu vipo karibu mno na mstari wa Ikweta hata tufani haziwezi kufika. Aghalabu ni kweli. Nyingi huelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini tarehe 15 Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja, ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, na Pemba ikasalimika. Ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya karafuu nyingi kutoka Pemba baada ya hapo. Mwezi wa Aprili 1952 tufani ilipiga Lindi. Mwaka 2021, mwezi huo huo wa Aprili, tufani iliyoitwa Jobo ilikuja kuelekea pwani ya Tanzania, ikapoteza nguvu kabla ya kufika. Na tarehe 4 Mei 2024, tufani iliyoitwa Hidaya ilifika Mafia. Hesabuni wenyewe: zote katika Aprili na mwanzo wa Mei, wakati kaskazi imekwisha kuyapasha maji moto. Mkulima wa karafuu asiseme habari za bahari si zake.

Nina neno moja zaidi juu ya kujua saa ya maji. Tarehe 26 Desemba 2004, siku nzuri ya kaskazi isiyo na wingu, tetemeko lilitokea chini ya bahari karibu na Sumatra, ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Mawimbi yake yalivuka bahari yote yakafika pwani za Somalia, Kenya na Tanzania, na huko Dar es Salaam vijana waliokuwa wakiogelea walipoteza maisha yao. Mawimbi ya namna ile mara nyingi hutanguliwa na maji kupwa kwa ghafula, saa isiyo yake. Asiyejua saa ya maji hukimbilia kuokota samaki walioachwa mchangani. Anayejua husema, “Maji haya hayapwi saa hii,” akawashika watoto mikono, akakimbilia mahali pa juu. Tofauti ya watu hao wawili ni kanuni ile ya saa nne na saa kumi niliyowaeleza, ambayo mtoto wa miaka saba aweza kuishika.

Sasa nakuja kwenye deni langu.

Ilikuwa mwaka wa tatu wa chama chetu, mwezi wa Februari, siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Maji yalikuwa yamekupwa saa nne na nusu asubuhi. Akina mama sita walikuwa wamevuna katika mashamba ya nje, karibu na mlango wa mwamba, wakafunga magunia kwenye vigingi, wakarudi kwa miguu kabla ya maji kujaa. Kazi yangu ilikuwa kwenda na ngalawa kuyachukua. Safari ya kwanza nilirudi salama yapata saa tisa. Gari la mnunuzi lilikuwa ufukoni likingoja, na dereva akasema akishindwa kuondoka na mzigo wote siku ile hatarudi mpaka wiki ijayo. Nilitazama jua, nikatazama maji. Nilijua saa. Nilijua kabisa kwamba nikienda tena nitaanza kurudi maji yakiwa yamegeuka. Lakini siku ilikuwa nzuri, na kaskazi yacheka. Nikamwambia mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na saba, “Panda.”

Kupiga mbizi kufungua magunia kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Yalikuwa magunia 18 ya mwani mbichi, na ngalawa ile haikupaswa kubeba zaidi ya 12. Nikayapakia yote. Ilipokuwa saa kumi na moja na nusu maji yalikuwa yakitoka kwa nguvu, upepo ukiingia, na ngalawa haikusikia tena usukani. Badala ya kwenda ufukoni tulikwenda mlangoni. Wimbi la kwanza lilitujaza nusu. Wimbi la pili lilimaliza. Tukashika ubavu wa chombo, tukipelekwa nje, na jua likizama. Ndugu mmoja aliyekuwa akirudi na madema yake alituona, akaja akatuokoa. Mpwa wangu alikuwa amekunywa maji mengi. Alilala hospitali siku tatu. Namshukuru Mwenyezi Mungu, leo yuko hapa, ameketi safu ya nne, na ana watoto wawili.

Mwani haukurudi hata gunia moja. Ulikuwa kazi ya wiki sita ya akina mama sita. Halmashauri ilikutana, na chama kikawalipa kutoka katika akiba yake, maana yake kila mmoja wenu alitoa senti chache kwa ajili ya kosa langu, wengi wenu bila kujua. Mmoja wa wale akina mama alinijia akaniambia, “Kaka, hasara imelipwa. Lakini kama angekufa mtoto yule, chama kingelilipa nini?” Sikuwa na jibu, wala leo sina.

Ndugu zangu, sikukosa ujuzi siku ile. Nilikosa mtu wa kunizuia. Ujuzi ulikuwa kichwani mwangu peke yangu, na kichwa cha mtu mmoja hushindwa na haraka, hushindwa na aibu ya kumrudisha dereva, hushindwa na siku nzuri. Tulipounda ushirika tulisema kwamba bei isiwe siri ya mtu mmoja, bali iandikwe ubaoni kila mwanachama aione. Naomba tufanye vivyo hivyo kwa habari za bahari. Maombi yangu ni manne.

La kwanza: katika ghala la kila chama cha msingi uwekwe ubao, na kila asubuhi karani aandike tarehe ya mwezi, saa ya maji kujaa na kupwa kama ilivyo katika jedwali linalochapishwa kila mwaka, na neno la Mamlaka ya Hali ya Hewa la siku hiyo. Mamlaka hutangaza mapema upepo mkali na mawimbi makubwa, kwa redio na kwa simu zetu za mkononi. Tangazo lisilofika kwa mtu anayeingia majini ni kama halikutolewa.

La pili: kila ngalawa inayobeba mali ya chama ipigwe mstari wa rangi ubavuni, na ikizama kupita mstari huo isitoke. Tena siku za bamvua katika kaskazi, chombo chenye mzigo kisikaribie mlango wa mwamba baada ya saa kumi alasiri. Sheria hii iandikwe, na mimi niwe wa kwanza kuitia sahihi. Dereva akikasirika, akasirikie maandishi, asimkasirikie nahodha.

La tatu: kwa kuwa maji ya ndani ya mwamba yamekuwa ya moto mno kwa kotoni, tujaribu kuweka kamba zinazoelea katika maji ya kina, ambako joto ni dogo, na kuhifadhi mbegu huko wakati wa kaskazi.

Na la nne ndilo linalobeba la tatu. Walima mwani wetu karibu wote ni akina mama, na wengi wao hawajui kuogelea. Hatuwezi kuwaambia waende kwenye kilindi na hali tunajua hivyo. Basi chama kitenge fedha kidogo katika bajeti ya mwaka wa 11, wapatikane wanawake wenye ujuzi wa kuogelea, wawafundishe akina mama na mabinti zetu kwa heshima zao na kwa mavazi ya stara, katika maji mafu ya asubuhi. Na kila ngalawa ya chama ichukue kamba na madumu matupu yaliyofungwa vizuri ya kushikia. Ni vitu vya bei ndogo. Nimeulizwa kama jambo hili ni kazi ya ushirika. Nami nauliza, tukinunua turubai ili mwani usinyeshewe, kwa nini tusinunue kamba ili mlima mwani asizame?

Bwana Mwenyekiti, miaka 10 iliyopita tulikuwa watu wenye minazi huku, wenye karafuu kule na wenye mwani pale, kila mmoja akiuza peke yake na kupunjwa peke yake. Leo tuna ghala, tuna mizani yetu, na tuna daftari ambazo kila mwanachama aweza kuzifungua. Bahari haijabadili kanuni zake kwa ajili yetu. Kaskazi itakuja Desemba hii kama ilivyokuja kwa babu zetu, nzuri ya sura, na maji yatapwa saa nne siku za bamvua. Nawaombeni tuwe tayari pamoja, kwa maandishi na kwa sheria, ili atakayesimama hapa katika sherehe ya miaka 20 asiwe na hadithi kama yangu ya kuwasimulia.

Nawashukuru kwa kunilipia deni. Mwenyezi Mungu akibariki chama chetu na awalinde wote wanaofanya kazi majini.